Kitaliano cha Siku za Eda

Mume wangu, Abdulwahab, alifariki Jumanne ya tarehe sita Mei, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa kitini uani, kahawa ingali nusu kikombeni. Saa mbili tangazo lilitolewa msikitini. Baada ya Alasiri alikuwa amekwisha kuzikwa, nami nimekaa chumbani katika nguo nyeupe, nikielezwa na wanawake wenzangu mambo niliyoyajua tangu utotoni: kwamba eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, kwamba sitatoka nyumbani bila dharura, sitatia wanja wala manukato, sitavaa dhahabu. Watoto wa madrasa waliletwa kama ilivyo kawaida ya mji wetu, wakakaa jamvini wakasoma Yasini. Mdogo wao hakuzidi miaka mitano.

Miezi ya eda ni ya mwandamo, kwa hiyo nilipiga hesabu. Siku mia moja na ishirini na nane.

Hamoudi, mwanangu wa pekee, hakuwahi maziko. Anaishi Piacenza, kaskazini mwa Italia, ambako anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa ofisini zikingoja kutolewa upya, na kama angetoka nchini asingeweza kurudi. Aliyaona mazishi ya baba yake kwenye simu iliyoshikwa na binamu yake. Ilikuwa masika, na matone ya mvua yalianguka juu ya kioo cha simu, kwa hiyo hakuona mengi.

Ana mke Mtaliano, Ilaria, na binti mmoja, Jasmin, mwenye miaka sita. Jasmin anasema Kitaliano tu. Hamoudi alianza kumsemesha Kiswahili alipokuwa mchanga, kisha zamu za ghalani zikabadilika, akawa anamkuta amelala, na jambo likaachwa. Sikumlaumu. Niliwahi kufundisha watoto mia moja na arobaini kwa mwaka mmoja na najua lugha haishiki kwa mtu anayeonekana Jumapili.

Kabla ya msiba, simu ya Jumapili ilikuwa ya Abdulwahab. Alikuwa muuza vipuri vya baiskeli, hajui Kitaliano wala Kiingereza, na hilo halikumzuia hata kidogo. Saa tisa mchana aliketi uani na machungwa mawili na kisu. Alimenya chungwa pole pole bila kulikata ganda, likashuka refu kama utepe, kisha akalitundika sikioni kama herini na kumtazama mtoto kwa uso wa mtu anayengoja kusifiwa. Jasmin alicheka mpaka akakohoa. Kisha la pili, sikio la pili. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nikipunga mkono. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini na mitatu, na sikuwa na neno moja la kumwambia mjukuu wangu.

Jumapili tatu za kwanza baada ya mazishi Hamoudi alipiga simu peke yake. Ya nne alimweka Jasmin. Mtoto alinitazama, akatazama nyuma yangu, akasema maneno mengi yaliyoishia kama swali. Nikamjibu, "Ciao." Akangoja. Sikuwa na kingine. Akasogea pembeni, na baba yake akachukua simu akaniambia kwamba shule zao zinakaribia kufungwa na Jasmin atapelekwa kwa dada yake Ilaria, pwani ya huko, mpaka mwisho wa Julai.

Nilitazama kwenye simu mazungumzo yetu yalichukua muda gani. Dakika mbili na sekunde kumi, pamoja na maneno ya Hamoudi.

Nilikuwa na wiki nane. Muhula mfupi, lakini muhula.

Kitabu nilikipata kwa Mwanvita, jirani yetu wa ukuta mmoja, mzaliwa wa Kiwangwa, anayefua mashuka katika nyumba ya wageni iliyo ufukweni. Kule wageni huacha vitabu kama wanavyoacha malapa. Nilimwomba atazame kama kuna chochote cha Kitaliano, naye siku ya Idi ya kuchinja akaja na bakuli la nyama mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Hakikuwa na jalada. Kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya Waingereza wanaojifunza Kitaliano cha kila siku, na kwa jinsi kilivyofundisha kupeleka telegramu na kununua sarafu za kupigia simu, kilikuwa na umri wa Hamoudi au zaidi.

Mwanvita alikaa mlangoni akinitazama nikifungua daftari.

"Mwalimu," akasema, "mfiwa gani anafanya homuweki?"

Nikamwambia sheria inanikataza kutoka na kujipamba, hainikatazi kusoma.

"Sijasema imekukataza. Nasema watu wakipita dirishani wakikusikia, watasema Bi Kholood kashikwa na kitu, na hicho kitu hakisemi hata Kiarabu."

Kitabu hakikuandikwa kwa ajili yangu, na nilikuwa nakisoma kama mtu anayesoma barua ya mwingine kwa juu ya bega. Katika ukurasa wa kumi na mbili mwandishi anawataka radhi wasomaji wake Waingereza: nomino za Kitaliano zimegawanyika makundi mawili, la kiume na la kike, na kila neno linalofuata nomino lazima lilingane nayo. Anasema jambo hili litawatisha, wasikate tamaa. Mtu aliyezaliwa na ngeli zote zetu haoni cha kutisha katika ngeli mbili. Nilizimaliza kabla ya Adhuhuri. Ukurasa wa ishirini anawaonya tena: Mwingereza husema yeye ni mwenye njaa, lakini Mtaliano husema anayo njaa, *ho fame*, na Mtaliano hasemi yeye ni wa umri fulani, husema ana miaka kadhaa. Nikaandika pembeni kwa penseli: nina njaa, nina miaka sitini na miwili. Irabu zao ni tano, zilezile zetu. Mwingereza hupewa kurasa tatu za kufanyia mazoezi ya mdomo. Nilizifungua nikazifunga.

Palipokuwa pagumu palikuwa pagumu kweli, hasa vitenzi vya wakati uliopita, ambavyo vingine husaidiwa na "kuwa na" na vingine na "kuwa". Mwandishi ameorodhesha vile vya "kuwa" ndani ya kisanduku ili wanafunzi wavikariri: kwenda, kuja, kurudi, kuzaliwa, kufa. Nilivikariri.

Niligawa siku kama ratiba ya shule. Baada ya Alfajiri msamiati, saa tatu sarufi, baada ya Adhuhuri mazoezi ya kuandika, baada ya Alasiri kusoma kwa sauti. Nilijisahihisha kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ndiyo kalamu iliyokuwepo na kwa sababu sijui kusahihisha kwa nyingine. Zoezi la kwanza nilipata sita kwa kumi. Somo la tisa lilifundisha kujaza fomu: jina, mahali pa kuzaliwa, kama umeolewa au hujaolewa. Kulikuwa na maneno manne ya kuchagua. La mwisho lilikuwa *vedova*, mjane. Nililiandika mahali pake na kuendelea na somo la kumi.

Mazungumzo yote katika kitabu hicho ni ya watu wawili. Bwana Conti anamuuliza Bibi Ferri treni inaondoka saa ngapi; Bibi Ferri anamjibu na kumuuliza kama amekunywa kahawa. Nilisoma sehemu zote mbili. Mwanzoni nilisoma ya Bwana Conti kwa sauti nzito kidogo, ili nisichanganye, kisha nikaacha.

Ilipofika wiki ya tatu ya Juni watu walikuwa wamekwisha kupungua. Hilo ni la kawaida na sina neno nalo. Siku tatu za kwanza nyumba hujaa hadi barazani, arobaini ikipita kila mtu ana kwake. Akabaki Mwanvita, anayeleta sahani ya chakula cha mchana na kuichukua jioni. Mimi nilikuwa nimeacha kupika mchana. Chakula cha mtu mmoja hakina kipimo kwenye sufuria nilizo nazo. Sahani ya Mwanvita niliipokea kwa shukrani, nikaiweka mezani, nikarudi kwenye vitenzi, na ilipofika saa kumi paka wetu alikuwa amemaliza.

"Paka wako anajua upishi wangu kuliko wewe," Mwanvita aliniambia. "Akifa huyu nitakaa matanga. Wewe sijui."

Hamoudi sikumwambia lolote kuhusu kitabu. Kila Jumapili alipiga, akauliza kama nimelala vizuri, kama maji yanatoka, kama binamu yake amepeleka gesi. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba yote ni salama. Nilitaka Jasmin akirudi anikute naweza, si anikute najaribu. Mwanafunzi anayejaribu humchosha msikilizaji, nami nilishaona mtoto huyu husubiri sekunde chache tu.

Tarehe ishirini na saba Julai, siku ya themanini na tatu ya eda, simu ililia saa tisa. Aliyepiga ni Ilaria. Sisi wawili huandikiana Kiingereza kifupi, chake kibovu kidogo, cha adabu. Akanieleza kwamba Hamoudi yuko zamuni, kwamba Jasmin amerudi jana, na kwamba anaiweka simu juu ya meza ya jikoni wakati yeye anaosha vyombo. Jasmin akatokea, mweusi kwa jua, jino moja la mbele limetoka.

Nikamwambia kwa Kitaliano: habari za mchana, Jasmin, hujambo, mimi ni nyanya Kholood, leo nasema Kitaliano.

Alifungua mdomo akaacha wazi, pengo likaonekana. Kisha akaisogeza simu karibu mno, nikawa naona jicho moja. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia kitabu. Akauliza kama nina mbwa. Nikamwambia nina paka, paka ni mnene. Kwa nini ni mnene? Kwa sababu anakula chakula changu cha mchana. Akacheka, na kilikuwa kicheko kilekile cha maganda ya machungwa. Nilikitambua, na nakiri nilisahau neno lililofuata nikalazimika kutazama daftari.

Tulizungumza dakika kumi na nne. Nilielewa labda nusu, na nusu nyingine nilimwomba arudie, akarudia kwa sauti ya juu kama wanavyofanya watu wote kwa mgeni wa lugha. Kisha akatazama nyuma yangu, penye kile kiti cha babu yake.

"E il nonno, quando torna?" Na babu, anarudi lini?

Nilielewa kila neno. Nilichukulia kwamba ameambiwa, na kwamba hajafahamu bado maana ya kufa, kama watoto wengi wa umri wake. Kazi ya mtu mzima ni kurekebisha kosa hilo kwa upole na kwa maneno yasiyo na mashaka. Maneno nilikuwa nayo. Nikamwambia: babu harudi, Jasmin. Amekufa. Amekufa Jumanne tarehe sita Mei, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Vitenzi vyote vilikuwa sahihi.

Sahani ilivunjika upande wa pili. Mkono wenye povu la sabuni ukaja ukaifunika simu.

Hamoudi alipiga saa mbili baadaye, kutoka ghalani. Nilisikia mashine zikipiga honi nyuma yake. Hakunipa shikamoo.

"Mama, nani alikufundisha?"

"Umemwambia nini mtoto?"

Hamoudi akasema, "Tulimwambia babu amesafiri."

"Amesafiri kwenda wapi?"

"Muscat. Kwa jamaa zake."

"Hamoudi, tangazo lilitolewa msikitini. Watoto wa chekechea wa mtaa huu walijua kabla ya kunywa uji."

"Huku si huko, Mama."

Akanieleza. Majira ya baridi yaliyopita alifariki mama yake Ilaria. Walimwambia Jasmin, na mtoto hakula siku kumi na moja. Walimpeleka hospitali akalishwa kwa mpira wa puani. Jambo hilo mimi sikuambiwa wakati ule, nisije nikasumbuka. Septemba Jasmin anaanza darasa la kwanza. Walikubaliana wamwache aanze, atulie, ndipo wamwambie. Nikamuuliza kwa nini mimi hakunipa habari ya makubaliano hayo.

"Niliona haya kukwambia," akasema. "Na niliona hakuna haja. Hukuwa unaweza kuzungumza naye."

Hilo lilikuwa kweli aliposema moyoni mwake, mwezi wa Mei. Akasema Ilaria amekasirika, si kwa ubaya, lakini simu za Jumapili zingoje kwanza. Nikauliza zingoje mpaka lini. Akasema hajui. Nikamuuliza kama mtoto amekula leo. Akasema hajui hilo pia, yuko kazini.

Mwanvita alipokuja kuchukua sahani nilimsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni, akingoja kosa lifike.

"Kauliza babu yake yuko wapi, ukamwambia kafa. Na kweli kafa."

"Ndiyo."

"Sasa walitaka aambiwe na nani, redio?"

Nikamweleza habari ya hospitali na ule mpira. Akaacha mzaha. Akasema maskini, mtoto wa watu, akaketi kizingitini, akasema hata yeye angejibu vilevile, na mama yake, na kila mtu anayemjua kutoka hapa hadi Miono. Nilimwamini. Haikunisaidia. Watu wote aliowataja wangeweza kumwambia Jasmin wasieleweke. Mimi peke yangu ndiye niliyejifunza.

Jumapili ya kwanza simu haikulia. Ya pili haikulia. Hamoudi aliandika ujumbe katikati ya wiki: mtoto anakula kidogo, halali vizuri, anauliza sana. Sikuuliza anauliza nini. Kitabu nilikiweka juu ya kabati siku ya kwanza, siku ya tatu nikakishusha, kwa sababu siku ilikuwa na saa zilezile na ratiba ilikuwa imebaki tupu. Nikasoma somo la kumi na tisa, linalohusu wakati ujao. Bwana Conti ataenda Roma. Bibi Ferri atamngoja stesheni. Nilipata tisa kwa kumi, zoezi la kwanza kupata tisa.

Baada ya Jumapili ya pili nilianza kumwandikia Ilaria. Kwa Kiingereza ningemaliza kwa dakika tano. Lakini Kiingereza hakikuwa chake wala changu, na jambo lenyewe lilitendeka kwa Kitaliano. Ilinichukua siku tatu. Nilikata kila sentensi ambayo sikuwa na uhakika nayo, na kila sentensi iliyonieleza mimi, na zikabaki tatu: Ilaria mpendwa, sikujua. Kwetu watoto huambiwa siku hiyohiyo. Nasikitika kwa ajili ya Jasmin. Nikaweka jina langu. Nikatuma Alhamisi saa nne asubuhi. Alama mbili za buluu zikatokea saa nne na dakika sita. Jibu halikuja.

Jumapili ya tatu nilimenya chungwa. Nilitaka kujua kama ni kazi ngumu. Ganda lilikatika mara nne. Chungwa lenyewe sikulila, likakauka kwenye sahani mpaka Jumanne.

Ya nne haikulia.

Jibu la Ilaria lilikuja Jumatano iliyofuata, kwa Kitaliano, refu, bila kunihurumia vitenzi. Nililisoma na kamusi ndogo iliyo mwishoni mwa kitabu, na ambapo kamusi haikufika nilikisia. Aliandika kwamba mama yake alipofariki, yeye alimwambia Jasmin neno hilo moja tu kisha akashindwa kusema zaidi kwa kulia, na kila alipouliza mtoto, watu wazima walibadilisha mazungumzo. Sasa Jasmin anauliza kuhusu babu maswali ambayo yeye Ilaria hana majibu yake na Hamoudi hawezi kuyajibu. Anauliza wakati wa kula, kisha haendelei kula. Jana amesema atamuuliza nyanya wa Afrika, kwa sababu yeye anajua mpaka saa. Ameyaandika. Kama niko tayari, Jumapili.

Nikajibu neno moja, ndiyo. Kisha nikaandika katika daftari kila swali ambalo mtoto wa miaka sita angeweza kuuliza, na jibu lake, na siku nne nikayasoma kwa sauti. Safari hii sehemu ya muulizaji, ile ya Bwana Conti, nilimwachia Jasmin.

Tarehe thelathini na moja Agosti ilikuwa siku ya mia na kumi na nane. Mwanvita alileta wali na samaki wa kupaka saa saba, akaondoka bila kuketi, akijua ni Jumapili gani. Saa tisa simu ikalia. Ilaria na Hamoudi wote walikuwa mezani, Jasmin katikati yao. Amekonda. Mbele yake palikuwa na sahani ya tambi isiyoguswa na karatasi ya daftari la mistari mipana. Ilaria alinisalimu kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, tayari kuifunika simu.

Jasmin akasoma swali la kwanza kwa kidole. Nani alimwosha babu? Nikamjibu: ndugu yake na majirani wawili, kwa maji ya uvuguvugu, mara tatu. Akalikata swali kwa penseli. Kulikuwa na baridi? Hapana, mvua ilinyesha, lakini hakukuwa na baridi. Alitiwa ndani ya sanduku? Hapana, ndani ya shuka tatu nyeupe. Zilikuwa safi? Mpya kabisa. Kaburi liko mbali na nyumbani? Kutembea dakika kumi. Mimi bado sijaenda. Kwa nini? Kwa sababu nakaa ndani ya nyumba siku mia moja na ishirini na nane, ni desturi yetu, zimebaki kumi. Hilo lilimvutia. Akauliza kama ni adhabu. Nikasema hapana. Akauliza kama inafanana na adhabu. Neno la kujibia hilo nilikuwa nalo, nikalitumia: kidogo.

Hamoudi alikuwa ameinamisha kichwa, na Ilaria aliweka mkono mmoja mgongoni mwake. Mkono wa pili ulibaki mezani, lakini ulikuwa umelegea.

Swali la sita: babu aliogopa?

Hili nilikuwa nimeliandika na kulijibu mara tatu daftarini, na majibu yote matatu niliyakata. Nikamwambia, sijui. Nikamwambia ninachokijua: alikunywa kahawa, akasema haina tangawizi, nikaenda jikoni kuleta tangawizi, niliporudi alikuwa amekufa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya tangawizi, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Jasmin alifikiri.

"Uliitia?"

"Hapana. Ipo jikoni mpaka leo."

Akalikata swali. Likabaki moja, chini kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa zaidi. Lilihusu paka. Je, paka bado anakula chakula changu cha mchana?

Sikuwa nimelitarajia hilo wala kuliandalia jibu. Ningeweza kusema hapana, nalo ni neno fupi. Ilaria alikuwa ananitazama. Nikasema ndiyo.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaniuliza chakula cha leo kiko wapi. Nikageuza simu nikamwonyesha: sahani ya Mwanvita juu ya meza, imefunikwa kawa, na paka chini yake amekaa kama karani. Jasmin akaivuta sahani yake ya tambi mbele, akaiegemeza simu kwenye chupa ya maji, akashika uma.

"Mangia tu," akaniambia. "Io guardo." Kula wewe. Mimi natazama.

Nikanawa mikono. Nikaketi kwenye kile kiti cha Abdulwahab, kwa sababu ndicho kilichokuwa mbele ya simu, nikafunua kawa na kuvuta tonge la kwanza. Samaki alikuwa amepoa, tui limeganda pembeni. Jasmin alingoja mpaka nikameza, ndipo akatia uma wake mdomoni. Nikala tonge la pili, naye akala. Ilituchukua dakika ishirini na mbili, na alipokuja Mwanvita jioni kuchukua sahani aliigeuza akaitazama pande zote mbili, kisha akaniuliza paka amepatwa na nini.